Hakuna Aliyeniuliza Kuhusu Bura

Paskalina mwanangu,

Barua za watu wa rika langu huanza kwa kusema mimi ni mzima, hofu ni kwako wewe uliye mbali. Hii nimeshindwa kuianza hivyo. Wewe hujawa mbali bado, uko Gehandu na mama yako mnamuaga bibi, na jioni mtakuwa mmerudi. Hofu yote iko huku kwangu, kwenye hii meza yenye mguu mmoja mfupi, na ndiyo inayofanya mwandiko uyumbe. Meza nayo inachangia.

Mambo ya safari sitayagusa. Mama yako ameshakuambia mara nne uchemshe maji, na shuka zako mmezikunja na kuzikunjua mpaka zimechoka kabla hazijatumika. Mimi nina jambo moja tu. Nimelitafuna miaka hii kama mtu mwenye jino bovu anayekula upande mmoja, na watu wakidhani anatabasamu. Ni hili: mjomba wako Bura aliniambia mimi kwamba anataka kufa, na mimi nikanyamaza. Mama yako hajui. Wewe hujui. Kesho asubuhi unapanda basi kwenda kusomea saikolojia kwa sababu yangu, na siwezi kukuacha uondoke ukiwa na baba ambaye hayupo.

Nimeandika. Sasa hata nikidondoka hapa mezani, hilo limeshaandikwa.

Unakumbuka siku ulipokuwa unajaza maombi ya chuo kwenye simu, umesimama juu ya jiwe la pale zizini kwa sababu ndipo mtandao unapopatikana? Ukaniuliza, "Baba, kazi yako niiandike vipi?" Nikasema, mkulima. Ukacheka, ukasema, "Wakulima wako wengi, baba, nataka wanikumbuke." Ukaandika kwamba baba yako ni mwanasaikolojia wa kijiji asiye na shahada, na kwamba hapa kwetu Gendabi watu wanatoka mbali kuja kukaa kwenye benchi lake. Ukanisomea kwa sauti. Nikakuambia vizuri sana mwanangu, halafu nikaingia ndani ya zizi nikasimama na ng'ombe. Mama yako aliniuliza natafuta nini kule. Nikamwambia kupe.

Ngoja nikueleze benchi lilivyoanza, kwa sababu wewe ulizaliwa ukalikuta na ukadhani liliota.

Nilichaguliwa na kijiji kuwa mhudumu wa afya, wale wa kujitolea wanaopita nyumba kwa nyumba kuuliza habari za vyoo. Tukapelekwa semina Katesh, siku nne. Siku ya tatu, baada ya chakula, wakati nusu yetu tumelala, mwezeshaji alizungumza saa moja na nusu kuhusu ushauri nasaha. Mimi sikulala. Hiyo saa moja na nusu ndiyo chuo changu kikuu. Nikarudi na cheti, nikakitia plastiki, nikakitundika mlangoni kwa nje ili hata anayepita na mbuzi akione.

Kitabu kilikuja baadaye. Mwalimu mmoja alihamishwa akaacha vitabu kwenye boksi, na ndani yake kulikuwa na kimoja cha saikolojia cha wanafunzi wa ualimu, hakina jalada. Nilikisoma kama watu wengine wanavyosoma Zaburi. Kilikuwa na upungufu mmoja: bibi yako, mama yangu mzazi, Mungu ampumzishe, kabla sijakigundua alishakichana katikati akafungia ugoro. Nilikuwa nawatania watu kwamba nusu ya elimu yangu imeingia puani kwa mama. Walicheka. Na mimi nilicheka. Shika hapo, nitarudi kwenye hizo kurasa.

Nilichokuwa nafanya kwenye benchi hakikuwa kigumu. Mtu akimaliza kusema, unalichukua neno lake la mwisho unamrudishia kama swali. Alikuja mama mmoja wa kule bondeni.

"Mume wangu hanisikii."

"Hakusikii?"

"Hanisikii kabisa."

"Kabisa?"

"Labda asubuhi. Asubuhi kidogo ananisikia."

"Asubuhi?"

"Sasa mzee umenipa akili. Nitakuwa nazungumza naye asubuhi."

Akaenda, akatangaza kijiji kizima kwamba yule mzee ana hekima. Mwanangu, sikuwa nimesema sentensi hata moja. Na mambo yao yalitengemaa, ndiyo hatari yenyewe. Kama ningekosea mapema, mbele ya watu, kwa jambo dogo, ningeacha. Lakini nilipatia mara nyingi mno.

Tangu ulipochaguliwa nimekuwa nasoma historia ya hiyo kazi yako kwenye simu, pale juu ya jiwe. Mama yako anadhani nafuatilia bei za mbaazi. Nimegundua kwamba mimi si wa ajabu sana. Mtu mwenye mzigo moyoni hapa kwetu alipelekwa kwa mganga, au kwa padri, na akizidi mpaka akavua nguo mnadani, alifungwa kamba akapelekwa hospitali ya vichaa Dodoma. Kusikiliza hakukuhesabiwa kuwa kazi. Ulaya nako hawakuwa mbele kama wanavyojitangaza. Mambo ya akili yalikuwa ya wanafalsafa, watu wa kukaa. Halafu wakaja wengine wakajifungia vyumbani na saa, wakawa wanapima mtu anachukua muda gani kubonyeza kitufe akisikia kengele. Hiyo ndiyo saikolojia ilikuwa, kengele na kitufe. Baadaye shule zikataka watoto wapimwe akili, majeshi yakataka askari wapimwe. Halafu vita vikubwa vikaja, na askari wakarudi nyumbani mikono yote ipo, miguu yote ipo, lakini ndani hamna mtu. Madaktari wa akili walikuwa wachache. Wakaitwa wale wa kupima, wakaambiwa wekeni saa chini, kaeni, sikilizeni.

Hapo ugomvi ukaanza. Madaktari wakasema hawa si madaktari. Na kweli hawakuwa. Katikati ya ugomvi, kila mwenye mlango akatundika kibao. Watu kama mimi walikuwa wengi, Paskalina, katika kila nchi. Wengine walisaidia. Wengine walilala na wagonjwa wao, wengine walijua jambo la kutisha wakakaa nalo. Ikabidi sheria zije: jina lenyewe lifungwe, usijiite hivyo mpaka umesoma, umefanya kazi miaka kadhaa chini ya jicho la mwingine, jina lako likaandikwa kwenye daftari, na kuwe na baraza linaloweza kukuita likakunyang'anya leseni. Nchi nyingine zilianza mapema, nyingine jana. Kwetu nasikia mambo bado yanajengwa, ni kama nyumba iliyofika kwenye lenta: ukuta upo, mvua inaingia.

Wewe utayasoma hayo kama somo la mtihani, na utaona ni mlolongo wa vifungu tu. Mimi nilipoyasoma nilikuwa natafuta kitu kimoja, na nilikiona kila mahali. Kila kifungu kina mtu amelala chini yake. Hakuna aliyeamka asubuhi akasema leo tutunge kanuni. Mtu alikufa kwanza.

Sasa Bura.

Mwaka ule matope yaliposhuka kutoka mlimani wewe ulikuwa bweni, na tulikuambia kidogo kwa sababu ulikuwa na mitihani. Bura na mkewe Juliana walikuwa wanakaa chini ya mlima, upande wa Katesh. Asubuhi ile Bura hakuwa kwake. Alikuwa hapa. Nilimwita mimi, aje anisaidie kusimamisha nguzo za zizi. Alilala kwetu, na Juliana alilala peke yake kule chini ya mlima. Mengine unayajua.

Walipomzika Juliana, Bura akahamia kwetu, kwenye kile kibanda cha mwisho wa shamba. Juma lile lile bibi yako wa Gehandu akaja na wazee wawili. Walisema kifo cha namna ile hakiachwi kizurure, kwamba Bura lazima akae metimani kwanza. Ninyi vijana mila hii hamjaiona vizuri. Ni ule utengo wetu Wairaqw: aliyefikwa na msiba mbaya haingii nyumba ya mtu, hanywi kwenye chombo cha wengine, haazimi jembe, mpaka muda upite na asafishwe, ili msiba usiwafuate majirani. Kanisani tunasema tumeiacha. Tumeiacha kama wazee wanavyouacha ugoro.

Mama yako alikataa. Alisimama mbele ya mama yake mzazi akasema, "Huyu ni mdogo wangu. Atakula mezani kwangu."

Bibi akamjibu, "Mezani kwako kuna watoto wa watu."

Wakazozana. Halafu wote wakanigeukia mimi, kwa sababu mimi ndiye nilikuwa na cheti mlangoni.

Ningeweza kusema Bura aingie ndani. Neno moja tu, lingetosha. Bibi yako angenuna mwezi mmoja halafu angezoea, maana hata yeye alikuwa anamlilia mwanawe, nilimwona akijifuta. Lakini niliona nafasi ya kuwafurahisha wote na kuonekana msomi. Nikakohoa, nikasema kitabu kinaeleza kwamba aliyefiwa anahitaji muda na utulivu, kwa hiyo mila na sayansi hapa hazigombani. Wazee wakaitikia kwa vichwa, kwa heshima. Mama yako aliniangalia, akaingia jikoni.

Hivyo ndivyo mdogo wake alivyokula nje. Wazee walimtenga kwa mila, na mimi nikaipigia mila muhuri.

Benchi lilikuwa nje, kwa hiyo lilimruhusu. Alikuja alasiri, watu wakiwa mashambani. Siku ya kwanza alikaa, akanitazama kwa yale macho yake ya utani.

"Shemeji, leo mimi ni mgonjwa au mgeni?"

"Wewe ni shemeji."

"Basi nipe chai. Wagonjwa wako huwa hawapewi chai, nimewachunguza."

Nikampa, kwenye kikombe chake cha bati tulichokuwa tunakitundika kwenye msumari nje ya ukuta. Alikunywa akasema chai ya msumari ina ladha ya kutu. Nikadhani anaendelea vizuri. Mtu anayetania, nilijiambia, hana neno.

Siku ya pili alisema hapati usingizi. Akifumba macho tu anasikia ule mngurumo ambao hakuusikia, kwa sababu hakuwepo. "Nasikia kitu ambacho sikukisikia, shemeji. Kitabu chako kina dawa ya hiyo?" Nikamwambia muda ndiyo dawa.

Siku ya tatu hakutania.

"Nikikuambia kitu, kinabaki hapa?"

"Kinabaki hapa."

"Hata dada asijue."

"Hata dada yako."

Niliyasema hayo taratibu, kwa sauti ya kazi. Niliyapenda kuyasema. Kitabu kilikuwa na maneno hayohayo: siri ya anayeshauriwa itunzwe.

Akasema, "Nataka kumfuata Juliana."

Na mimi, mwanangu, nikafanya nilichozoea. Nikasema, "Kumfuata?"

"Ndiyo. Kumfuata."

Akanitazama. Leo najua ule mtazamo. Ulikuwa wa mtu aliyekuwekea mkononi ncha ya kamba na anangoja aone kama utashika. Nikatazama pembeni, nikaanza kuzungumzia maharage, kwamba mwaka huu tutavuna vizuri na atanisaidia kupiga. Akasikiliza mpaka mwisho. Ana adabu, Bura, unamjua. Akainuka, akasuuza kikombe, akakitundika kwenye msumari wake.

"Asante shemeji. Umenisikiliza vizuri."

Zilipita siku nane. Nimezihesabu zaidi ya nilivyowahi kuhesabu kitu chochote. Siku nane ni nyingi. Ungeweza kutembea kwa miguu kwenda hospitali ya wilaya na kurudi ukaenda tena. Na kila siku mama yako alikuwa akiniuliza akirudi na kuni, "Bura anasemaje?"

Nikamjibu, "Hayo ni mambo ya benchi, Mama Paskalina."

Kwa majivuno. Naandika neno hilo ili usije ukaliondoa baadaye kwa upendo. Siyo kwa woga wala kwa kutojua. Nilikuwa mtu mwenye siri ya kikazi, na siri ile ilinipa kimo. Mama yako aliiheshimu. Akaacha kuuliza.

Siku ya tisa asubuhi kikombe kilikuwa bado kwenye msumari, na jua limeshapanda. Mama yako ndiye aliyekiona. Akaenda kibandani yeye mwenyewe, akiwa na chai. Aliyoyakuta siandiki. Aliacha mila zote siku hiyo, alikipakata kichwa chake mapajani mpaka watu wakaja.

Sasa nisikilize, kwa sababu hapa ndipo nilipotaka kufika tangu mwanzo.

Nilingoja niulizwe. Mwenyekiti wa kijiji alikuja, akanipa mkono, akasema pole, umejitahidi sana kwake. Padri alisema Bura alikuwa na bahati ya kuwa na mtu wa kuzungumza naye. Askari alikuja na daftari, akaniuliza kama marehemu alikuwa na ugomvi na mtu. Nikasema hapana. Akaandika hapana, akanishukuru. Mazishini nilipewa nafasi ya kuongea, na nikaongea. Niliongea vizuri. Watu walilia. Kuna mzee alinivuta pembeni akasema, "Bila wewe angekwenda mapema zaidi."

Hakuna aliyeniuliza, "Alikuambia nini?" Hakuna aliyeuliza, "Ulimjibu nini?" Mwenye duka la dawa za mifugo akiuza chanjo iliyopitwa na muda, anaulizwa. Fundi akijenga ukuta ukaanguka, anaulizwa. Mimi niliangusha mtu, na nikapewa kiti cha mbele.

Mama yako ndiye aliyenimaliza. Tulipomaliza matanga alikaa karibu na moto akasema, "Angalau alikuwa na wewe." Amelirudia hilo kila mwaka siku ya Bura ikifika. Angalau alikuwa na wewe. Huwa namwambia moshi unaniumiza macho, hata siku ambazo hatujawasha moto.

Miezi baadaye walipita kwetu watu wa kusaidia waliopatwa na matope, na kati yao dada mmoja kijana, si mkubwa kwako sana, aliyekuwa anaona watu kwenye darasa la shule. Nilikwenda na kitabu changu kwapani. Sitakudanganya kwamba nilikwenda kutubu. Nilikwenda kuonwa na mwenzangu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, daktari."

"Mimi si daktari, mzee. Ni mwanasaikolojia."

"Hata mimi," nikasema. "Tupo wawili."

Hakucheka, wala hakunidharau. Akaniuliza kama nina msimamizi. Nikauliza msimamizi wa nini. Akasema yeye, pamoja na kusoma kote, kila juma anakaa na aliyemtangulia, anamfungulia maandishi yake, na yule anamuuliza: huyu ulimwambia nini, kwa nini, na hapa uliogopa nini. "Nikikosea kuna mtu wa kuniita, mzee. Wewe ukikosea nani anakuita?"

Nikasema kwangu mambo huwa yanakwenda vizuri. Halafu, sijui kwa nini, nikamuuliza kama mtu amesema anataka kufa na ameomba siri, kitabu kinasemaje. Nikaongeza kwamba ni swali la jumla.

Akaniangalia. "Siri inaishia hapo, mzee. Ni kati ya mambo ya kwanza tunayofundishwa. Akisema hivyo anaomba ashikwe. Unamwambia waziwazi kwamba hili silibebi peke yangu, unawaita watu wake, haachwi peke yake, anapelekwa hospitali. Hata akikukasirikia. Kitabu chako hakina?"

Nikasema nitatazama.

Nilitazama njiani, nimesimama barabarani. Ukurasa wa mia na kumi na mbili, mstari wa mwisho kabisa chini: siri ya anayeshauriwa itunzwe wakati wote, isipokuwa. Halafu unakuja ukurasa wa mia na ishirini na saba, habari za watoto wanaokojoa kitandani. Isipokuwa yote ilikuwa imefungiwa ugoro.

Najua unavyofikiri sasa, kwa sababu una moyo wa mama yako. Unasema basi baba hakujua, kurasa hazikuwepo. Usinisaidie hivyo. Neno lile lilikuwepo. Nililisoma miaka kumi na moja. Isipokuwa. Mtoto wa darasa la tatu anajua kwamba baada ya neno hilo kuna kitu. Ningeweza kumuuliza mwalimu yeyote, ningeweza kwenda Mbulu, kuna wauguzi, kuna masista, nina miguu. Sikwenda kwa sababu ningekwenda kuuliza ningeonekana sijui, na nilishakuwa mtu wa kuulizwa. Mama yangu alichana karatasi tu. Shimo nililitunza mimi.

Na watu bado wanakuja, Paskalina. Hilo ndilo linalonivunja kabisa. Nilikitoa cheti, wakasema mzee amekuwa mnyenyekevu. Nilisema mgongo unauma, wakaniletea mto. Jumanne iliyopita alikuja msichana wa jirani, akakaa palepale alipokaa Bura, akaanza, "Baba, nikikuambia kitu..." Niliinuka kabla hajamaliza. Nikamwambia twende zahanati, mimi na wewe, sasa hivi. Kumbe alitaka kuniambia amepata mchumba Dongobesh. Alinishangaa sana. Nilimsindikiza hadi nusu ya njia, nikarudi, nikakaa chini nyuma ya zizi.

Sikuambii uwe na huruma. Huruma nilikuwa nayo tele, na Bura hayupo. Wala sikuambii uwe na akili, unayo, na mimi pia nilidhaniwa kuwa nayo. Kitu kimoja tu. Siku utakapoitwa na mkubwa wako, akuwekee maandishi yako mezani, akuulize hapa ulifanya nini, utamchukia. Utatoka nje utasema ananionea. Mimi baba yako ningetoa hili shamba na ng'ombe wote walioko zizini ili siku moja, katika zile nane, awepo mtu mwenye haki ya kunifungua mdomo. Nasikia wenzako wengine wanalalamika kwamba kanuni zimezidi. Wakilalamika wewe wasikilize tu, halafu ukapige hodi mlangoni kwa mkubwa wako kabla hajakuita.

Lile ulilowaandikia chuo kuhusu mimi, waandikie upya, safari hii kwa ukweli. Au usiwaandikie. Ila usilisimulie darasani. Nitajua, hata nikiwa huku.

Kwa nini leo? Kwa sababu nimegundua kwamba nilikuwa nangoja uende, ukasome, ufike kwenye hilo somo la siri, ujue mwenyewe kwa kukumbuka vipande, unipigie simu uniulize. Nilitaka wewe ndiwe uwe baraza langu. Mzee mzima anamsomesha binti ili aje amhukumu. Ni ujanja tu, kama ule wa neno la mwisho. Na anayestahili kuuliza yupo hapahapa, nimekula chakula chake kila siku. Bura alikuwa mdogo wake wa pekee. Sijui nitakuwa na mke kesho. Sijui kama utashuka kwenye lile basi ukiwa bado unaniita baba. Lakini barua hii ataisoma yeye kwanza. Nasikia mbwa wanabweka bondeni kwa namna ile ya kuwajua wanaokuja. Ni ninyi.

*

Nimeshika tena kalamu, ameniruhusu.

Wewe umebaki kwa jirani unaaga. Yeye aliingia na mzigo wa bibi mkononi, nikampa karatasi. Akasoma amesimama mlangoni, hakuutua. Alipofika ukurasa wa kikombe alirudi nyuma akausoma upya. Nilitaka kusema kitu. Akainua kidole, bila kunitazama.

Alipomaliza aliweka mzigo chini, akatoka. Nikajua amekwenda. Lakini nikasikia kitu kinaburuzwa, na benchi likaingia mlangoni, yeye nyuma yake analisukuma kwa goti. Halijawahi kuingia ndani ya nyumba hii tangu nilitengeneze. Akaliweka mbele ya moto. Akachukua kigoda changu, kile ninachokalia nikisikiliza watu, akakikalia yeye.

"Kaa pale," akasema.

"Mama Paskalina..."

"Kaa. Ilikuwa siku gani?"

Nikamwambia.

"Alisemaje? Maneno yake. Usinipe ya kwako."

Nikayasema. Akafumba macho, akayafumbua.

"Na nilipokuuliza nikiwa na kuni kichwani, siku hiyohiyo, ulinijibu nini?"

Nikasogeza kijinga kimoja motoni.

"Sina haraka," akasema. "Basi la huyu mtoto ni asubuhi. Malizia barua yake, halafu utanijibu. Na yeye atakuwepo."

Nasikia sauti yako uani, unamwambia mtu kwaheri. Sasa hivi utaingia, utaona benchi ndani, utaona sura zetu. Nakuomba jambo moja, na ni la mwisho. Najua moyo wako, utataka kuja kukaa karibu nami. Usije. Vuta kiti, kaa upande wa mama yako.